Aliyeng'atwa na kasuku Nakivale: kwa nini matibabu hayaishii siku ya kwanza

Jeraha la kasuku huonekana dogo, na mara nyingi huchukuliwa kuwa jambo la kuchekesha. Lakini katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, mkono ndio mtaji wa mkulima, fundi cherehani na msusi, na hospitali kubwa iko Mbarara, umbali wa kilomita zipatazo 60. Huko, yanayofanyika baada ya siku ya kwanza ndiyo huamua kama kidole kitapona, kitakakamaa au kitakatwa.

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Ilianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 185 la wilaya ya Isingiro, wanaishi watu zaidi ya 180,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Wakongo ndio wengi. Kiswahili chao, pamoja na cha Warundi, ndicho lugha ya soko na ya foleni ya zahanati kutoka Base Camp hadi Juru na Rubondo.

Wengi wa Wakongo hao wanamfahamu vyema kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu na kipaji cha kuiga sauti za watu. Misitu ya mashariki mwa Kongo ni nyumbani kwake, na kwa miaka mingi ndege huyo amekuwa akinaswa, kufungiwa katika matundu na kusafirishwa kwa magendo hadi Uganda na ng'ambo. Mwaka 2022 mahakama mjini Kampala ilimhukumu raia mmoja wa Kongo kifungo cha miaka 7 kwa kuingiza nchini kasuku zaidi ya 100. Uganda nayo inao kasuku wake: wa kijivu huonekana Entebbe na katika msitu wa Kibale, na yule mdogo wa rangi ya kahawia huishi katika vichaka vya mshita vya Ziwa Mburo, jirani kabisa na Nakivale.

Ikilinganishwa na mbwa, nyoka au jembe lililomponyoka mtu shambani, kasuku huwajeruhi watu wachache. Uchache huo ni sehemu ya hatari yenyewe. Aliyeng'atwa na mbwa hujua kwamba anapaswa kukimbilia kituo cha afya. Aliyeng'atwa na kasuku hufunga kitambaa akarudi kazini.

Mdomo unaopasua kokwa

Kasuku wa kijivu ana uzito usiozidi nusu kilo, lakini mdomo wake uliumbwa kwa ajili ya kupasua kokwa za michikichi. Sehemu ya juu imepinda kama ndoana na ncha yake huchoma. Sehemu ya chini ina makali yanayobana na kusaga. Kwa hiyo jeraha lake huwa mawili kwa pamoja: tundu jembamba linaloingia ndani, na nyama iliyopondwa kuzunguka tundu hilo. Anayelitazama kwa juu huona alama yenye ukubwa wa punje ya mtama, ilhali chini yake kano inayokunja kidole huenda imekwisha kuguswa.

Ndege huyu hang'ati kwa ukatili. Hung'ata anapoogopa, hasa anapokamatwa, anapohamishwa kutoka tundu moja hadi jingine, au mtoto anapopenyeza kidole kati ya nyaya. Ndiyo sababu majeraha mengi huwa kwenye vidole, na baada ya hapo kwenye midomo, pua, masikio na macho ya watu wanaomsogeza ndege usoni ili wazungumze naye. Kucha za miguu yake huacha mikwaruzo, nayo si safi, kwa kuwa miguu hiyo hukanyaga kinyesi siku nzima.

Kinywani mwa ndege mna bakteria wa aina nyingi, wakiwamo wale wanaopatikana katika utumbo. Ngozi ya binadamu nayo ina bakteria wake. Mdomo unapochoma, wote husukumwa hadi mahali ambapo hewa haifiki na maji hayafiki. Tundu lenyewe hufunga juu baada ya saa chache, na mgonjwa hufurahi kwamba kidonda kimefunga.

Saa za kwanza

Tiba yenye faida kubwa kuliko zote haiuzwi dukani: ni sabuni na maji safi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 hivi. Dakika 15 ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Na pale ambapo maji hubebwa kwa madumu kutoka bombani, kumwaga lita kadhaa juu ya kidole kimoja huonekana ni israfu. Hata hivyo hakuna kidonge kinachoweza kufanya kazi hiyo badala ya maji. Damu ikiendelea kutoka, hubanwa kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa bila kufunuafunua. Pete na bangili huvuliwa mara moja, kabla mkono haujavimba.

Majivu, unga wa betri, dawa ya meno, mafuta ya breki na samadi havina nafasi katika jeraha hili. Samadi ni mbaya kuliko vyote, maana mbegu za bakteria wa pepopunda hukaa katika udongo na kinyesi cha mifugo.

Kinachofuata ni kituo cha afya. Mfumo wa Uganda huanzia kwa wahudumu wa afya wa kujitolea wa vijijini, hupanda kwa vituo vya ngazi ya pili, ya tatu na ya nne, na kufika hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakimbizi hutibiwa katika mfumo huo huo pamoja na wenyeji. Ndani ya makazi kuna vituo kadhaa, kikiwamo cha Nakivale chenyewe. Vya ngazi ya nne, kama Rwekubo katika wilaya hiyo hiyo ya Isingiro, hupangiwa kuwa na chumba cha upasuaji na daktari. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambayo pia ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, ndiyo mwisho wa ngazi kwa eneo lote hilo.

Kituoni jeraha huoshwa tena, hukaguliwa kama kuna kipande cha mdomo, unyoya au uchafu uliobaki, na mgonjwa huambiwa akunje na kunyoosha kila kiungo cha kidole. Kipimo hiki kisicho na gharama ndicho hugundua kano iliyokatika. Tundu lililochomwa, hasa la mkononi, kwa kawaida haliachwi limeshonwa. Huachwa wazi ili uchafu upate njia ya kutoka. Wagonjwa wengi huona kwamba wamepuuzwa wanaporudishwa nyumbani bila nyuzi, ilhali kushona ndiko kungekuwa kosa. Uso ni habari nyingine: kwa sababu una damu nyingi na kovu lake huonekana, mganga anaweza kuamua kuushona baada ya kuusafisha vyema.

Dawa za kuua bakteria hazihitajiki kwa kila mkwaruzo. Shirika la Afya Duniani hushauri zitolewe kwa wenye hatari kubwa: waliojeruhiwa mkononi, usoni au karibu na kiungo, wenye jeraha la kina, na wale ambao kinga ya mwili wao ni dhaifu kwa sababu ya kisukari, virusi vya Ukimwi au dawa wanazotumia. Inayopendekezwa kwanza ni amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani, kwa siku 3 hadi 5. Amoksilini ya peke yake, ile inayouzwa kwa vidonge vinne vinne katika duka la dawa, si dawa hiyo hiyo, na bakteria wengi wa majeraha ya kung'atwa huishinda.

Siku ya pili ndiyo siku ya hukumu

Jeraha la kuchomwa mkononi linapaswa kutazamwa tena baada ya saa 24 hadi 48, hata kama haliumi. Maambukizi ya majeraha ya aina hii kwa kawaida hujionyesha katika muda huo. Ngozi huwa nyekundu, na katika ngozi nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama weusi unaong'aa au zambarau. Mahali huwa pa moto, huvimba, hutoa usaha au majimaji yenye harufu. Kuna njia rahisi ya kufuatilia: kuchora kwa kalamu ukingo wa uvimbe na kuandika saa. Uvimbe ukivuka mstari, hakuna haja ya kubishana.

Dalili nne huhitaji safari siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Kidole chote kimevimba sawasawa kama soseji. Kinabaki kimekunjwa kidogo na hakitaki kunyooka. Kinauma kikibonyezwa upande wa kiganja, kufuata mstari wa kano. Na maumivu huwa makali mno mtu mwingine anapojaribu kukinyoosha. Huo ni usaha ndani ya ala ya kano. Vidonge havitoshi. Daktari wa upasuaji hulazimika kuifungua ala hiyo na kuiosha, na kila saa inayopita huiua kano kwa kukosa damu. Mgonjwa wa namna hii apewe rufaa bila kusubiri gari la wagonjwa la kesho asubuhi.

Hapa ndipo umbali unapokuwa sehemu ya ugonjwa. Kutoka Base Camp hadi Mbarara si mbali kwa mwenye gari, lakini kwa anayetegemea bodaboda hadi barabara kuu na kisha teksi, nauli inaweza kulingana na chakula cha familia cha siku kadhaa. Kupungua kwa fedha za misaada mwaka 2025 kumezibana huduma nyingi za wakimbizi nchini Uganda. Katika hali hiyo kishawishi cha kusubiri "tuone kesho" ni kikubwa, na wala si ujinga, ni hesabu. Kinachoweza kuibadilisha hesabu hiyo ni mgonjwa kufahamu mapema, siku ya kwanza, dalili zipi zinastahili nauli na zipi hazistahili. Mhudumu anayemwambia mgonjwa "urudi ukiona tatizo" bila kumtajia tatizo lenyewe hajamsaidia.

Kwa jeraha lisilo na maambukizi, mkono huinuliwa juu ya kiwango cha moyo kwa siku mbili za kwanza, ukining'inizwa kwa kitambaa shingoni, na bandeji hubadilishwa kila siku au kila inapolowa. Baada ya hapo vidole vinapaswa kuanza kusogezwa. Watu wengi huacha mkono umefungwa wiki mbili au tatu kwa kuogopa maumivu, na jeraha hupona huku kidole kimekakamaa. Kukunja na kunyoosha kila kiungo mara kadhaa kwa siku, kwanza ndani ya maji ya uvuguvugu, huzuia hilo. Aliyefanyiwa upasuaji wa kano hafuati ushauri huu mpaka aliyempasua amwambie, kwani kano iliyoshonwa ikivutwa mapema hukatika tena. Mgonjwa huyo hupangiwa mazoezi na mtaalamu wa tiba ya viungo.

Pepopunda: miadi ya miezi sita

Watu wengi huisahau sehemu hii kwa sababu haina maumivu yoyote ya kuwakumbusha. Bakteria wa pepopunda hupenda tundu jembamba lisilo na hewa, yaani jeraha la namna hii hasa. Ugonjwa huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kujeruhiwa: taya hukaza, kumeza huwa kugumu, kisha misuli ya mwili mzima hukakamaa. Hata palipo na chumba cha wagonjwa mahututi, wengi hufa. Chanjo ndiyo kinga pekee ya kutegemewa, maana hata aliyewahi kuugua pepopunda akapona hapati kinga kwa kuugua huko.

Aliyekamilisha chanjo zake huchomwa sindano moja ya kuongeza nguvu iwapo miaka 5 imepita tangu sindano ya mwisho na jeraha ni chafu, au miaka 10 kwa jeraha safi. Asiyewahi kuchanjwa huanza mfululizo: sindano ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6 au zaidi. Kwa jeraha chafu yeye huhitaji pia kingamwili zilizo tayari, ambazo hulinda wakati mwili unajifunza kutengeneza zake. Sindano ya kwanza peke yake haimkingi ipasavyo mtu ambaye hajawahi kuchanjwa, na hiyo ndiyo sababu miadi ya pili na ya tatu ina uzito kuliko inavyoonekana.

Tatizo ni kumbukumbu. Aliyekimbia Masisi au Fizi usiku hakubeba kadi ya chanjo ya utotoni. Kanuni ya kitabibu ni nyepesi: asiye na ushahidi huhesabiwa kuwa hakuchanjwa. Sindano ya ziada haina madhara makubwa, bali kukosa sindano kunaweza kuua.

Kuna tofauti moja ambayo wahudumu wanaijua na wagonjwa hawaijui. Wanawake wa umri wa kuzaa wamechanjwa dhidi ya pepopunda katika kliniki za wajawazito kwa miongo kadhaa. Mwaka 2011 Uganda ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Wanaume watu wazima hawakuwa na kampeni ya namna hiyo. Pengo hilo lilidhihirika pale visa vya pepopunda vilipotokea miongoni mwa wanaume waliotahiriwa katika mpango wa kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, na chanjo ikaongezwa katika utaratibu wa tohara. Kwa hiyo mwanamume akiulizwa kituoni kama aliwahi kupata sindano ya pepopunda, tohara ya hospitalini ni jambo la kutaja, na mwanamke ataje mimba zake.

Kichaa cha mbwa hakimo

Ndege hawaambukizi kichaa cha mbwa. Virusi hivyo hubebwa na wanyama wanaonyonyesha: mbwa hasa, na pia paka, popo, mbweha na nyani. Mtu aliyeng'atwa na kasuku hahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, na kumpa ni kuitumia vibaya dawa ambayo vituo vingi huikosa pale aliyeng'atwa na mbwa anapoihitaji.

Ila jambo hilo linategemea ukweli. Anayesema "nimeng'atwa na mnyama" bila kufafanua humtia mhudumu katika mashaka, na anayesema "ni kasuku" ilhali ni tumbili wa jirani hujihatarishia maisha. Tumbili huwekwa kwenye orodha ya wanaohitaji kinga hiyo.

Jicho

Ukucha au ncha ya mdomo ikigusa kioo cha jicho, yaani ule utando mwangavu wa mbele, hata mkwaruzo usioonekana unaweza kugeuka kidonda. Kwa jambo hili Mbarara ina sifa yake. Mji huo una kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa na kituo cha macho cha Ruharo, na humo ndimo daktari Simon Arunga na wenzake walipofanya utafiti wa vidonda vya kioo cha jicho miongoni mwa watu 313 wa kusini-magharibi mwa Uganda. Zaidi ya nusu ya vidonda hivyo vilisababishwa na fangasi. Nusu ya wagonjwa walikuwa wameugua siku 17 au zaidi kabla ya kufika hospitalini, na wengi walikuwa wametia dawa za kienyeji machoni kabla ya hapo.

Siku 17 ni nyingi mno. Kidonda cha fangasi kinachoanza kutibiwa wiki ya tatu mara nyingi huacha kovu jeupe katikati ya mboni, na wengine hupoteza jicho zima.

Jicho lililokwaruzwa husafishwa kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, au kwa maji ya chumvi ya hospitali, basi. Maziwa ya mama, utomvu wa majani, mkojo na asali huingiza vijidudu. Matone yenye steroidi, ambayo baadhi ya maduka huuza kwa kila jicho jekundu, huondoa wekundu na maumivu huku fangasi wakistawi; mgonjwa huamini anapona. Kituo cha afya kinaweza kuanza marhamu ya kuua bakteria, lakini mgonjwa aonwe tena kesho yake. Mkwaruzo wa kawaida hupona kwa siku mbili au tatu. Ikiwa baada ya muda huo mwanga bado unaumiza, machozi hayakomi, uoni umefifia au kuna doa jeupe, mahali pake ni Mbarara. Jicho lililotobolewa, ambalo mboni yake imepoteza umbo la duara, halioshwi wala halibonyezwi: hufunikwa kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, kama kikombe safi cha plastiki kilichokatwa, na mgonjwa huondoka mara moja.

Homa inayokuja baadaye

Kuna ugonjwa uliopewa jina la ndege huyu. Homa ya kasuku husababishwa na bakteria anayeitwa Klamidia sitasi. Mwaka 1929 na 1930 uliwaua watu katika nchi kadhaa za Ulaya na Amerika baada ya kasuku kusafirishwa kutoka Amerika ya Kusini, na serikali zikapiga marufuku uingizaji wao. Si historia tu: mapema mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliripoti ongezeko la visa katika nchi 5 za Ulaya, na watu 5 walikufa.

Ugonjwa huu kwa kawaida hauingii kupitia jeraha. Huvutwa puani pamoja na vumbi la kinyesi kilichokauka na la manyoya. Maana yake ni kwamba anayeweza kuugua ni yeyote aliyelala chumba kimoja na tundu, awe ameng'atwa au la. Ndege mwenyewe aweza kuonekana mzima, au akawa amejikunyata, manyoya yamesimama, macho yanatoa uchafu na kinyesi ni cha kijani. Ndege waliosongamana safarini, wenye njaa na hofu, humwaga bakteria kwa wingi zaidi.

Dalili kwa binadamu huanza mara nyingi baada ya siku 5 hadi 14: homa, kichwa kuuma sana, misuli kuuma, kikohozi kikavu, na baadaye nimonia. Kwa mtu anayeishi Nakivale orodha hiyo husomeka kuwa malaria. Kipimo cha haraka hufanywa, na kama ni sawa, hutolewa hasi. Hapo wengi hupewa parasitamoli na amoksilini, na amoksilini haiponyi homa ya kasuku. Inayoiponya ni doksisaiklini, dawa ya bei nafuu iliyomo katika vituo vingi, kwa wiki mbili hivi. Wajawazito na watoto wadogo hupewa dawa nyingine, kama azithromaisini. Wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya siku mbili za matibabu sahihi. Mtu anayekohoa zaidi ya wiki mbili hupimwa pia kifua kikuu, awe na ndege au asiwe naye.

Yote haya hutegemea sentensi moja ambayo mhudumu hawezi kuikisia: "Nyumbani kuna kasuku." Na sentensi hiyo ina woga wake. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotoka porini imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, na Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 huadhibu vikali makosa yanayohusu spishi zilizo hatarini kutoweka, hadi kifungo cha maisha. Kumfuga kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Mkimbizi anayehofia hadhi yake ana sababu ya kusema alijikata kwa kisu.

Lakini kliniki si mahakama. Siri ya mgonjwa ni sehemu ya maadili ya taaluma ya afya, na Hati ya Haki za Wagonjwa ya Uganda huitambua. Mganga anahitaji kumjua ndege kwa sababu za tiba tu: tundu la mdomo hutibiwa tofauti na mkato wa kisu, na homa ya wiki ya pili hutafutiwa dawa tofauti. Mhudumu naye ana wajibu wa kuuliza kwa namna isiyotisha. "Je, kuna ndege au mnyama yeyote karibu na mnapolala?" ni swali linalojibika kwa urahisi kuliko "Kasuku huyo mlimtoa wapi?"

Ndege mwenyewe asifunguliwe tu akaruka. Aliyetolewa mbali hana kundi la kumpokea, na mgonjwa huweza kuwaambukiza wenzake wa Ziwa Mburo. Mamlaka ya Wanyamapori ina ofisi katika hifadhi hiyo ya taifa, na ndege waliookolewa nchini hupelekwa katika kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe, ambako hutengwa na kuchunguzwa kabla ya lolote jingine. Asiyetaka kwenda mwenyewe anaweza kuomba msaada wa kisheria au wa maofisa wa ulinzi wanaohudumu katika makazi.

Baada ya ndege kuondoka, tundu na sakafu hulowanishwa kwanza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, ndipo kinyesi huondolewa kikiwa kibichi. Kufagia kikiwa kikavu hupeperusha kile kinachoogopwa. Anayesafisha afunike pua na mdomo, avae glavu na kufungua madirisha, na watoto wakae nje. Yeyote wa nyumba hiyo atakayepata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya hapo, hata kama hakuwahi kumgusa kasuku, anapofika kituoni ataje ndege kabla hajatobolewa kidole kwa ajili ya kipimo cha malaria.